Tuna zana na kitengo cha DevOps, lakini matoleo bado yanatukesha. Tuanzie wapi?

*"Nipo kitengo cha TEHAMA katika taasisi ya fedha yenye makao makuu Mbeya na matawi 38, kuanzia Tunduma hadi Iringa, na upande wa pili mpaka Songea. Kila tawi lina seva yake ndogo. Madevelopa tuko tisa, wenzetu wa seva ni sita, na hatukai jengo moja. Mwaka jana uongozi ulinunua leseni za zana za otomatiki, ukaunda kitengo cha tatu chenye watu watatu kinachoitwa DevOps. Sijaona nafuu. Toleo jipya linatoka mara moja kwa robo mwaka, Jumamosi usiku, na la mwisho lilitukesha mpaka Jumapili saa nne asubuhi. Matawi mawili yalibaki na tarehe za miamala zisizolingana na za makao makuu. Watu wa seva hawataki kugusa zana mpya, wanasema ni njia ya kuwapunguza kazini. Mzee mmoja ndiye anayezijua seva zote, na anastaafu mwakani. Mkaguzi wa ndani anasema DevOps inavunja kanuni ya kutenganisha majukumu. Sasa mkurugenzi anataka tuhamie Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la seva. Tumekosea wapi?"*

Ndugu yangu, poleni kwa kukesha. Nikiyakusanya uliyoyaeleza, naona hofu moja: fedha zimetoka, kitengo kipo, na kazi imebaki ileile ya Jumamosi usiku. Una haki ya kuhofu. Ila sidhani kama mmenunua zana mbaya. Palikuwa na ukuta mmoja kati ya madevelopa na watu wa seva, mkaweka kitengo kipya katikati. Sasa kuta ni mbili, na karatasi ya maelekezo inapita mikono mitatu badala ya miwili kabla ya kufika kwenye seva.

Jina DevOps lilianza kusikika mwaka 2009, Patrick Debois alipoitisha mkutano mjini Ghent, Ubelgiji, kuwakutanisha wanaounda programu na wanaoziendesha. Hayo makundi mawili ndiyo jina lenyewe. Kwa hiyo kitengo kinachoitwa DevOps, huku makundi hayo yakiwa bado kwenye majengo tofauti, kinabeba jina bila kazi yake.

Tatizo lenyewe linajengeka hivi. Developa anasifiwa akiongeza kitu kipya. Mtu wa seva anasifiwa siku ikipita kimya. Kila mmoja akifanya kazi yake vizuri, anamharibia mwenzake. Mtu wa seva anajilinda kwa kupunguza siku za matoleo, na ndiyo maana mmefika mara moja kwa robo mwaka. Mabadiliko ya miezi mitatu yanarundikana, tuseme sitini, yanaingia kwa pamoja usiku mmoja. Kitu kikivunjika saa saba usiku, mna washukiwa sitini, na wanaweza kuwa wameshikana wawili wawili. Yakiingia matano kwa wiki, washukiwa ni watano, na aliyeyaandika bado anakumbuka alichokifanya Jumatatu. Kutoa toleo mara chache kunaonekana ni uangalifu, kumbe ndiko kunakoifanya Jumamosi yenu iwe ya hatari.

Sasa hizo tarehe za matawi mawili. Sijaziona seva zenu, lakini jambo la kwanza ningelikagua ni saa za eneo. Ingieni kwenye seva ya tawi, andikeni `timedatectl`, someni mstari wa Time zone. Seva iliyosakinishwa kwa haraka mara nyingi hubaki kwenye UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Mteja akirejesha mkopo kwa simu saa nane usiku wa tarehe 1, seva hiyo inaandika saa tano usiku ya siku iliyotangulia. Kwa hiyo kila muamala wa kuanzia saa sita hadi saa tisa usiku unaangukia siku ya nyuma, na mwisho wa mwezi unaangukia mwezi wa nyuma. Dawa yake ni mstari mmoja, `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, kisha kuzianzisha upya programu zinazosoma saa. Miamala iliyokwisha andikwa vibaya isahihishwe na watu wa hesabu kwa utaratibu wao. Msiiguse kwa mkono ndani ya hifadhidata.

Kuna mtego mwingine unaotokana na jinsi Waswahili tunavyohesabu saa. Karatasi ya maelekezo inasema "bakapu (nakala ya akiba ya data) ianze saa 2 usiku". Kijana anaandika kwenye cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa iliyopangwa, `0 2 * * *`, yaani 02:00. Cron haijui saa za Kiswahili, inaanza saa nane usiku, pengine ikigongana na kazi ya kufunga hesabu. Alichokusudia mwandishi kilikuwa `0 20 * * *`. Maelekezo ya seva yaandikwe kwa mtindo wa 20:00 siku zote, hata kama mdomoni tunasema saa mbili.

Mambo hayo mawili yanaonyesha otomatiki inatibu nini. Matawi 38 yaliyosakinishwa kwa mikono ya watu tofauti, miaka tofauti, hayawezi kufanana. Moja lina Java ya zamani, lingine lina mstari ulioongezwa na fundi aliyeshahama. Skripti ya kawaida haiponyi hilo kwa sababu inaeleza vitendo. Skripti ikisema "ongeza mstari huu kwenye faili ya hosts", ukiiendesha mara tatu utakuta mistari mitatu. Zana kama Ansible inaeleza hali: mstari huu uwepo. Ukiwepo inapita, usipokuwepo inauweka. Kipimo chake ni rahisi na msikiachie: endesheni kazi ileile mara mbili mfululizo, na mara ya pili muhtasari wa mwisho useme `changed=0`, yaani hakuna kilichobadilishwa, kwa kila seva. Ikisema `changed=1`, kuna hatua inayotenda bila kuangalia, na siku moja itawaumiza.

Hata hivyo, otomatiki inanakili kile mnachokijua. Mkikosea, inakosea matawi yote 38 kwa dakika chache. Kwa hiyo kwa wiki nne za kwanza msibadilishe chochote. Zitumieni kuorodhesha: kila seva, toleo la mfumo wake, programu zilizopo, kazi za cron, nani ana nywila, bakapu inakwenda wapi. Ansible ikiendeshwa kwa `--check --diff` inaonyesha ambacho ingebadilisha bila kukibadilisha, ingawa hatua zinazoita amri za kawaida hurukwa katika hali hiyo, basi msiichukulie kuwa imeona kila kitu. Tofauti mtakazozikuta zitawashangaza, na baadhi yake zina sababu nzuri ambayo anaijua Mzee peke yake.

Kuhusu Mzee: msimwombe aandike nyaraka. Mtu aliyefanya kazi kwa mikono miaka yote hawezi kuandika anachokijua, kwa sababu hajui kwamba anakijua. Mwekeeni kijana mmoja wa seva na developa mmoja pembeni yake, asubuhi tatu kwa wiki. Mzee anafanya na kusema kwa nini, vijana wanaandika kwa Ansible, kisha Mzee anakagua kilichoandikwa na kukiidhinisha kwa jina lake. Anayeidhinisha awe yeye hasa. Ni heshima anayoistahili, na pia ndiye atakayeona kwamba seva fulani haitakiwi kuzimwa kabla ya nyingine. Anzeni wiki hii, maana mwaka unakwisha upesi kuliko kazi hii.

Sambamba na hilo, chagueni huduma moja ya kuanzia. Isiwe leja kuu. Ningechagua SMS za kuwakumbusha wateja marejesho: ni ndogo, inaonekana, na ikilala kwa muda wa saa mbili hakuna fedha inayopotea. Wapeni watu watano au sita waimiliki kwa pamoja: madevelopa wawili, wawili wa seva, mmoja kutoka kitengo kile kipya, na ikiwezekana mmoja wa shughuli za matawi. Wakae chumba kimoja. Zamu ya simu ya usiku izunguke kwao wote, developa akiwemo. Mtu aliyeamshwa saa tisa na kosa lake mwenyewe huandika kumbukumbu za mfumo zinazosomeka kuanzia kesho yake, na hakuna semina inayofundisha hivyo. Wale wawili waliobaki wa kitengo kipya waende vivyo hivyo kwenye timu nyingine. Baada ya miezi sita hadi minane kitengo hicho kitakuwa kimeyeyuka ndani ya timu, na hayo ndiyo mafanikio yake.

Zana za kuanzia ni chache. Mnahitaji Git ya kuhifadhi kila kitu pamoja na historia ya mabadiliko yake, na kuiendesha hapo ofisini Gitea inatosha kwenye mashine ndogo, ilhali GitLab kamili inataka mashine kubwa zaidi. Mnahitaji mashine nyingine inayofanya majaribio na kujenga toleo kila mtu anapowasilisha mabadiliko, na Ansible ya kupeleka. Nywila zisiingie Git zikiwa wazi. Ansible Vault inazifunga. Ikiingia kwa bahati mbaya, kufuta mstari hakusaidii kwa sababu historia inabaki; badilisheni nywila yenyewe siku hiyohiyo.

Sehemu ya kupeleka matawini ndiyo inayowakesha, basi niiseme kwa kina. Chukua toleo la MB 400 na tawi lenye laini ya Mbps 2. Kulisafirisha kunakula karibu dakika 27 laini ikiwa safi, na laini ya Makete au Ludewa msimu wa mvua si safi. Mkilisafirisha na kulisakinisha usiku huohuo, ikikatika katikati tawi linabaki nusu jipya nusu la zamani. Tenganisheni kazi hizo mbili. Mchana, siku mbili kabla, pelekeni faili taratibu kwa `rsync --partial --bwlimit=100`. Inatumia kilobaiti 100 tu kwa sekunde, haiwasumbui makarani, na ndani ya kama dakika 70 imefika. Kile kilichokwisha kufika kinabaki hata mtandao ukikatika. Linganisheni SHA-256 ya faili, yaani alama yake ya uhakiki, pande zote mbili. Toleo jipya likae kwenye folda yake pembeni ya la zamani. Wakati wa kubadilisha, Ansible inageuza kiungo kimoja, yaani jina linaloelekeza kwenye folda inayotumika, kutoka folda ya zamani kwenda mpya na kuanzisha programu upya. Ni suala la sekunde, na kurudi nyuma ni kukigeuza kiungo kilekile.

Msipeleke kote kwa mpigo. Katika Ansible, `serial` inakubali mafungu: andikeni 1, 4, 11, 22, jumla yake ni 38. Lile la kwanza liwe tawi la karibu, Mwanjelwa au Uyole, ambako fundi anafika kwa bajaji. Wekeni `max_fail_percentage: 0` ili fungu likiwa na kosa, mafungu yanayofuata yasiguswe. Kati ya fungu na fungu, jaribio la kweli lifanyike: fungua akaunti ya majaribio, ingiza muamala, soma stakabadhi. Na kazi hiyo iendeshwe kutoka mashine ya makao makuu, ndani ya `tmux`, inayoiacha kazi iendelee hata muunganisho ukikatika, isiendeshwe kwenye laptopu ya mtu aliye kwenye Wi-Fi ya nyumbani.

Tawi lisilo na umeme saa hiyo litolewe kwenye orodha, liandikwe, lipelekewe kesho yake. Hapa nawasihi msizembee. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliwasha programu mpya ya biashara ya hisa. Ilikuwa imenakiliwa kwa mkono kwenye seva saba kati ya nane, na hapakuwa na mtu wa pili wa kuhakiki. Ile ya nane iliamsha msimbo wa zamani uliokuwa umelala ndani yake, ikaanza kutuma oda bila kukoma. Wakihangaika, wakaondoa programu mpya kwenye zile saba zilizokuwa sahihi, na hali ikazidi kuwa mbaya. Ndani ya dakika kama 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400. Nyinyi mna seva 38. Kinga yake ni ndogo: programu ya tawi inapoanza iulize makao makuu toleo lipi linatakiwa, na likiwa tofauti ikatae kutuma miamala na itoe onyo.

Hifadhidata ndiyo ngumu kuliko yote, kwa sababu kiungo cha folda kinarudi nyuma lakini data hairudi. Mkitaka kubadilisha safu ya jedwali, msiifute ya zamani siku hiyo. Toleo la kwanza liongeze safu mpya na kuandika kote kuwili. La pili lisome kutoka mpya. La tatu, wiki kadhaa baadaye matawi yote yakiwa yamehama, ndilo lifute ya zamani. Ni matoleo matatu madogo, na kila moja linaweza kurudishwa bila kupoteza muamala wa mtu.

Na bakapu: mara ya mwisho kuirejesha mahali pengine na kuisoma ilikuwa lini? Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab aliyekuwa amechoka usiku alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyokusudiwa. Walipogeukia njia zao tano za bakapu na kunakili data, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa sababu nyingine muda wa saa sita kabla, na data ya saa hizo ikapotea. Walilichapisha tukio zima hadharani, na walichokirekebisha ni mfumo ulioruhusu kosa hilo. Vikao vyenu baada ya hitilafu vifanyike hivyo. Siku mtu atakapokatwa mshahara kwa kosa alilolikiri, ndiyo siku ya mwisho kusikia ukweli.

Mkaguzi wenu ana hoja ya msingi ila ameelezwa vibaya. DevOps haisemi developa apewe nywila ya seva za kazi. Katika mpangilio ninaoueleza hana kabisa. Anaandika mabadiliko kwenye Git, mwingine anayakagua na kuyaidhinisha, na mashine ndiyo inayoyapeleka. Hakuna anayeweza kuidhinisha kazi yake mwenyewe, na kila hatua ina jina na saa. Mwonyesheni hilo kwenye skrini, kisha mwombeni alinganishe na Jumamosi iliyopita: watu wangapi waliingia kwa nywila moja ya root, akaunti yenye mamlaka yote kwenye seva, na nani alifanya nini? Kwa dharura, nywila moja ikae kwenye bahasha iliyofungwa, ifunguliwe kwa saini mbili, na ibadilishwe kila ikitumika. Mwulizeni pia kuhusu data ya majaribio. Kunakili data halisi ya wateja kwenda mashine ya majaribio ni kujitafutia matatizo na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Majina, namba za simu na za NIDA zibadilishwe kwanza.

Wenzenu wa seva nao wasikilizwe kwa uzito. Baadhi ya kazi zao zitakufa kweli: kunakili faili, kuwasha upya usiku, kusafiri hadi Njombe kwa ajili ya mstari mmoja. Na kwenye kazi hizo kuna posho ya kukesha na ya safari, ambayo kwa mtu mwenye ada za shule ni fedha ya maana. Ukimletea zana inayomwondolea posho halafu ukashangaa haipendi, hujamtendea haki. Uongozi utoe ahadi ya maandishi kwamba hakuna atakayepunguzwa kwa sababu ya otomatiki, na posho ya kukesha igeuzwe kuwa posho ya zamu inayolipwa hata usiku ukipita kimya. Uongozi ukishindwa kuahidi hivyo, hofu yao ina msingi, na mimi nisingewalaumu kwa kuficha skripti.

Kubernetes nisingeigusa kwa sasa. Inatatua tatizo la huduma nyingi zinazopanuka na kupungua kwenye kundi la seva, na inadai watu wa kuihudumia. Nyinyi mna seva ndogo zilizotawanyika kwenye laini dhaifu, na mfumo mmoja mkubwa. Mweleze mkurugenzi kwamba mnaliahirisha kwa mwaka mmoja, na umpe namba badala yake. Chukueni daftari la kawaida, kila toleo mstari mmoja: siku mabadiliko yalipokamilika kuandikwa, siku yalipoingia kazini, yalivunja kitu au hapana, na yakivunja, ilichukua muda gani kutengemaa. Safu hizo zinawapa vipimo vinne vinavyotumika duniani kupima kazi hii: mnatoa mara ngapi, mnachukua muda gani, matoleo mangapi yanaharibu, mnapona kwa haraka kiasi gani. Anzeni kuandika leo, kabla ya kubadilisha lolote, mpate cha kulinganisha.

Matoleo yakishakuwa madogo, hamisheni Jumamosi usiku kwenda Jumanne saa kumi na nusu jioni, matawi yakiwa yamefunga na mameneja bado wapo kupokea simu. Siku za mishahara na kufunga mwezi msitoe, wala wiki ambazo mikopo ya mbolea inatoka.

Kuna mambo ambayo jibu la kuandika haliyatoshelezi. Bakapu ya leja ikigoma kurejesheka, simamisheni kila kitu na mwiteni mtaalamu wa hifadhidata aje akae mbele ya mashine. Mfumo mkuu ukiwa wa kampuni iliyowauzia, someni mkataba na muwe na mhandisi wao mezani kabla ya kugusa usakinishaji wake, la sivyo mnaweza kupoteza haki ya kuhudumiwa. Miunganisho ya benki na mitandao ya simu isiingie kwenye otomatiki bila wao kujua. Na vikao kati ya pande mbili vikishindikana, yaani watu hawasalimiani tena, tafuteni msuluhishi wa nje ambaye haripoti kwa mkuu wa upande wowote. Mkiajiri mshauri wa DevOps, mkataba useme atakaa na ile timu ya SMS kwa wiki sita, na kwamba wiki ya mwisho toleo litatolewa na watu wenu yeye akiwa ameweka mikono mfukoni.